Kabla ya 502 kulikuwa na treni

Ukimwambia mtu wa bara kwamba Bububu kulikuwa na stesheni ya treni, kwanza atacheka, kisha atakuuliza ilikuwa ikienda wapi, kana kwamba kisiwani Unguja hakuna pa kwenda. Ilikuwa ikienda mjini, bwana. Ilikuwa ikifanya kazi ileile wanayoifanya leo madereva wa daladala za 502, za njia ya Bububu: kuwachukua watu wa Bububu, Kibweni na Mtoni asubuhi pamoja na mizigo yao, na kuwarudisha jioni. Ilianza 1905. Mwaka huohuo Wajerumani ndio kwanza wanaanza kutandika reli yao kutoka Dar es Salaam, na Morogoro hawakufika mpaka mwisho wa 1907. Kwa hiyo mtu wa Dar akianza kunitambia reli ya kati huwa namwacha amalize, kisha namwambia kwamba sisi tulikuwa tunapanda wakati wao wanachimba.

Mimi ni mtoto wa Bububu. Nimesoma huko, nimefundisha huko, na sasa nimestaafu hukohuko. Katika historia niliyokuwa nikiifundisha mlikuwa na karafuu, biashara ya watumwa, masultani, vita vya dakika chache vya 1896 na Mapinduzi. Treni haikuwemo hata mstari mmoja. Niliyoyajua mwanzo niliyapata kwa bibi yangu mzaa mama, aliyezaliwa kabla ya Vita vya Kwanza na aliyeiona kwa macho yake, na mengine nikayatafuta mwenyewe nilipopata nafasi ya kusoma ninachokitaka.

Kilichonifanya niandike leo ni vijana wetu wanaotembeza wageni pale Ngome Kongwe mjini. Wengi ni vijana hodari, lugha wanazo, adabu wanazo. Lakini wakifika kwenye treni wanaimaliza kwa sentensi moja: "Zamani palikuwa na treni ndogo ya kuwatembeza watalii." Nusu ni kweli. Meli za abiria zilipotia nanga, wageni walishuka, wakapandishwa behewa la daraja la kwanza lililowekwa kwa ajili yao, wakapelekwa mashamba kuona minazi na mikarafuu, wakarudishwa kabla meli haijang'oa nanga. Hao ndio walioandika barua na kupiga picha, ndiyo maana leo ukiitafuta treni ya Bububu unawakuta wao. Mabehewa mengine ya nyuma yalikuwa yamejaa watu wetu, na watu wetu hawakuandika kadi za posta.

Tena haikuwa treni ya kwanza Unguja. Seyyid Barghash bin Said, huyu sultani aliyejenga Beit al-Ajaib na kuyavuta maji ya chemchem za kwetu Bububu mpaka mjini, alikuwa mtu wa kupenda mitambo. Alikwenda Uingereza 1875, akatembezwa viwandani, akarudi na mawazo yake. Katika miaka michache akawa ana reli yake mwenyewe, ya kutoka mjini kwenda kasri lake la Chukwani, upande wa kusini. Kwanza mabehewa yalivutwa na nyumbu, wale wa punda na farasi, baadaye akaagiza kichwa kidogo cha mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall, Uingereza. Alipofariki 1888 na reli ikafa naye. Hiyo naiheshimu, lakini siihesabu. Ilikuwa treni ya mwenye nyumba na wageni wake. Hukuweza kwenda dirishani ukakata tikiti.

Ya Bububu ilijengwa na Wamarekani. Hapo ndipo wanafunzi wangu wa zamani, kila nikiwasimulia, hunikatiza: Wamarekani wametoka wapi, na hapa palikuwa pa Waingereza? Palikuwa pa Waingereza, ndiyo, tangu 1890, na sultani wa wakati ule, Ali bin Hamud, alikuwa kijana aliyetoka kusoma Harrow. Lakini Wamarekani walikuwa wenyeji wa Forodhani kabla ya Waingereza kushika chochote. Mkataba wao wa biashara na Seyyid Said, baba yake Barghash, ni wa 1833. Balozi wao mdogo wa kwanza, Richard Waters wa Salem, alifika 1837. Vitambaa vyao vya merikani vilivaliwa na kutumiwa kulipia ushuru kuanzia pwani mpaka Ujiji. Na mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni yao kubwa hapa ilikuwa Arnold, Cheney & Co. ya New York, wanunuzi wa pembe za ndovu. Pembe walizozinunua Unguja zilipakiwa meli zikaenda Connecticut, zikapasuliwa vipande vyembamba, zikabandikwa kwenye vitufe vya piano za watu wa Marekani.

Kampuni hiyo ndiyo iliyopewa kibali cha kutandika reli kutoka mjini mpaka Bububu, na pia kibali cha umeme. Mimi hukaa nikafikiri juu ya hilo. Mtu amebeba pembe begani kutoka Manyema, huko Kongo, ametembea miezi mpaka Bagamoyo, na faida ya pembe ile, kwa njia moja au nyingine, ikaja kuwa pau mbili za chuma zinazopita mbele ya nyumba za jamaa zangu Kibweni. Sijui aliyebeba angesema nini angeiona.

Urefu wake ulikuwa maili 7, yaani kama kilomita 11. Njia ilikuwa moja, reli nyembamba. Mwanzo wake ni hapo Ngome Kongwe, na Ngome yenyewe, iliyojengwa na Waomani mwishoni mwa karne ya 17, iliyokuwa kambi ya askari na baadaye jela, ikapewa kazi mpya ya kuhudumia treni. Ikabaki na bahati ya kubadilishwa kazi: miaka ya 1940 ikageuzwa kilabu cha mabibi, wakicheza tenisi uwanjani mwake. Leo kuna ngoma na tamasha. Ukisimama mlangoni ukiipa mgongo Ngome na macho ukayaelekeza Forodhani, wapi urojo, wapi mishikaki, wapi watoto wanaojirusha baharini, huoni alama yoyote kwamba kuanzia hapa palitoka treni. Bustani ya Forodhani ilikuja 1936, kuadhimisha miaka 25 ya Sultani Khalifa, na vibanda vya zamani vikaondoka.

Nina nakala ya kadi ya posta niliyoinunua duka moja la Mji Mkongwe. Muuzaji aliniuzia bei ya mgeni, nikamjibu kwa Kiswahili cha mashamba akashusha. Picha imepigwa katika kichochoro cha mjini, na treni imo ndani ya kichochoro hicho. Simaanishi pembeni, namaanisha imeziba njia. Kichwa kimefika karibu na milango ya nyumba za pande zote mbili, na mbele yake kuna fito za chuma zilizopangwa kama meno ya kitana, za kusukumia kando kitakachokuwa njiani. Juu kuna kengele. Kulia kuna mzee wa kanzu na kofia amejibandika ukutani, kifua amekivuta ndani, bakora ameisimamisha wima sambamba na mguu ili isikwaruzwe. Uso wake hauna hofu hata kidogo. Una ile kero ya mtu anayesubiri mkokoteni upite. Nyuma yake kuna mlango uko wazi, na ndani ya mlango mtoto amekaa kizingitini, miguu ameikunja tayari. Mtoto yule anajua. Treni hii inapita hapa kila siku, na yeye kila siku anakunja miguu.

Mabehewa hayana kuta. Kuna sakafu, mabenchi, nguzo na paa, na turubai limekunjwa juu pembeni. Anayezikumbuka daladala zetu za mbao, zile za kuingilia nyuma na kukaa wakitazamana, magoti kwa magoti, upepo ukiingia kote, hana haja ya kuelezwa zaidi. Huwa nawaambia watu kwamba fundi wa kwanza aliyepandisha bodi ya mbao juu ya gari la mizigo hapa Unguja hakubuni kitu kigeni. Watu walikuwa wameshazoea kusafiri hivyo.

Ikishatoka vichochoroni Malindi, njia ikifuata pwani. Hebu ifuate nami, maana ni njia ninayoipita mwenyewe karibu kila wiki. Kushoto bahari, kulia mashamba, enzi hizo bila ya nyumba hizi zilizosongamana. Kwanza Marhubi, kasri Barghash alilowajengea wake na masuria zake, lililoungua 1899. Treni ilipoanza, moto ule ulikuwa na miaka sita tu, na abiria waliokuwa wakipita waliuona moto ule kwa macho yao. Kisha Mtoni, kasri la Seyyid Said, alikozaliwa binti yake Bibi Salme, aliyekuja kukimbia 1866 kwa ajili ya Mjerumani wake. Kisha Kibweni, ambako Sultani Khalifa alijenga kasri lake 1915, reli ikiwa imeshatangulia miaka kumi. Kisha Beit-el-Ras.

Beit-el-Ras nisimamishe kidogo. Leo ni mahali pa chuo, vijana wanashuka na mabegi yao, hakuna anayeangalia upande wa pwani. Hapo Seyyid Said alianza kujenga nyumba kubwa 1847, akafariki 1856 haijakamilika, na ikaachwa. Wajenzi wa reli walipokuja, wakakuta jumba la mawe lililotelekezwa liko pembezoni mwa njia yao. Kwa nini uchimbe mawe na mawe yapo? Wakalibomoa, si lote, wakayachukua wakajengea reli. Yaliyobaki nayo yakaja kuvunjwa 1947 ilipojengwa skuli. Wageni nikiwahadithia hili husikitika, eti urithi umepotea. Mimi sisikitiki sana. Nyumba ya mfalme iliyokuwa haina mtu ikapata kazi ya kuwapitisha wauza ndizi.

Halafu Bububu, mwisho wa njia. Kichwa kikifunguliwa, kikinywa maji, kikizungushwa kuwa mbele tena, na safari ya kurudi. Kwa nini Bububu? Kwa sababu ndipo ardhi ya bondeni inapoanza kupanda kwenda Kidichi na mashamba ya karafuu, na mizigo ya juu yote ikishukia hapo. Wageni waliotaka kuona hamamu ya Kidichi, ile aliyojengewa binti wa Kiajemi mke wa Seyyid Said, nao walishukia hapo wakaendelea na safari kwa njia nyingine. Hata leo anayekwenda Kidichi anashuka Bububu polisi na kukata kulia.

Sasa ya bibi.

Bibi alikuwa na kijisu ndani ya kijaluba chake cha tambuu. Kilikuwa cha urefu wa kidole cha kati, chembamba, kimepinda kidogo upande wa ncha, na shina lake limezungushwa uzi wa kamba ya katani uliokwisha kuwa mweusi kwa mafuta ya mkono. Akikitumia kuchota chokaa na kuipaka kwenye jani. Watoto tulikatazwa kukigusa. Siku moja nikamwuliza nani alimtengenezea, akasema, "Treni." Kaka yake alikuwa akiiba misumari mirefu kwa fundi seremala, anailaza juu ya reli, anajificha nyuma ya mnazi. Treni ikipita, msumari unageuka kuwa bapa. Kinachobaki ni kuusugua juu ya jiwe mpaka upate makali. Wavulana wote wa njia ile walikuwa na visu vya treni, vya kumenyea machungwa, vya kuchongea magari ya makuti, na vingine, alisema bibi, vya kuchokozana. Dereva alijua. Akipita anapiga kengele na kutukana, basi.

Mama yake bibi alikuwa mkulima wa mihogo na ndimu, na akiuza sokoni Darajani, soko lile lile lililofunguliwa 1904, mwaka mmoja kabla ya treni. Nikadhani, kama yeyote atakavyodhani, kwamba alikuwa akipanda treni na mapakacha yake. Bibi akanicheka. "Mama apande treni? Kwa pesa gani?" Mapakacha ndiyo yaliyopanda. Wanawake wa upande ule walikuwa wakichangiana: mmoja anakata tikiti, anapanda na mizigo ya wote, anaikalia. Wengine wanaondoka alfajiri kwa miguu, mikono mitupu, wanatembea pembeni ya reli na watoto wao, na treni inawapita njiani. Ikiwapita, yule aliyepanda anawapungia mkono na wao wanamzomea. Zamu ya kupanda ilikuwa ikizunguka. Bibi alipanda mara moja alipokuwa mgonjwa wa homa, na aliyokumbuka ni moshi machoni tu.

Kila nikisoma maandishi ya wageni waliopanda daraja la kwanza, wanasifu minazi, wanasifu "wenyeji wachangamfu" waliopanga mstari kando ya reli kuwapungia. Mimi huwaza pengine katika hao wachangamfu alikuwemo mama yake bibi, amechoka, anamzomea shoga yake aliyekaa juu ya mihogo.

Serikali iliinunua reli kutoka kwa Wamarekani 1911. Kwenye makaratasi hayo ndiyo mabadiliko makubwa. Kwa watu wa Bububu sidhani kama yalionekana, isipokuwa labda kofia ya mkata tikiti. Kilichoonekana ni magari. Barabara zikaanza kutengenezwa vizuri, malori yakaingia, kisha mabasi. Treni ina masharti yake: saa yake, mahali pake pa kusimama, na moshi wake. Kichwa cha mvuke kinachotema cheche kikipita katikati ya mapaa ya makuti wakati wa kaskazi si jirani mwema, na mjini kilikuwa kikibana watu ukutani kama yule mzee wa kwenye kadi yangu. Gari la mafuta halikuwa na mengi ya hayo. Mwaka 1922 abiria wakaondolewa. Stesheni ikafungwa.

Lakini treni haikufa siku hiyo, na kwangu mimi hiki ndicho kipindi cha ajabu kuliko vyote. Serikali ilikuwa na mradi wa bandari Malindi, bahari ijazwe, gati ijengwe, na mawe yalitakiwa mengi. Reli ikabaki kwa kazi hiyo. Kwa miaka kadhaa, basi, treni ikawa inapita bila ya kumchukua mtu. Stesheni ipo, reli ipo, kengele inalia, moshi unaonekana kutoka mbali, na wewe umekaa kivulini stesheni huna treni. Bibi alikuwa msichana mdogo wakati huo, na kumbukumbu zake nyingi ni za wakati huo kuliko zile za mwanzo. Alisema chini ya paa la stesheni mbuzi walilala mchana, watoto walicheza nage na wauza samaki walipanga mafungu. Alisema pia kwamba wengine walifanya urafiki na dereva, na kwa fungu la changu au mkungu wa ndizi angekuacha ukae juu ya mawe mpaka Malindi, mradi ujirushe kabla ya kufika mbele ya Mzungu wa kazi. Mama yake, aliyeshindwa kulipa tikiti treni ilipokuwa ya abiria, akaanza kupanda treni ilipokuwa ya mawe. Bibi akilisema hili alikuwa akipiga goti lake kwa kicheko.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 na hiyo nayo ikakoma. Reli zikang'olewa. Vyuma havipotei Unguja, hugeuka. Kengele ya skuli yangu ya msingi ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye tawi la mwembe, kikigongwa kwa nondo, na sauti yake ilifika mpaka ufukweni. Watu wazima walisema ni cha treni ya Bububu. Mwalimu wa zamu akikosa nguvu mkononi tulijua leo tutachelewa kutoka. Mataruma yaliyolazwa chini ya reli yalichukuliwa, ya kupikia au ya kujengea. Na njia yenyewe, ule ukanda wa ardhi uliokwisha kusawazishwa na kuwekewa vivuko juu ya mito midogo ya Mtoni na kwingineko, kwa sehemu kubwa ukafuatwa na barabara. Hiyo ndiyo barabara ya Bububu ya leo.

Wapo wanaoandika mitandaoni kwamba treni irudishwe, ati watalii wataipenda. Mimi simo. Hebu mtu apite Saateni saa moja na nusu asubuhi, aangalie foleni, magari ya skuli, bodaboda, punda na mkokoteni wa nazi, kisha aniambie treni itapita wapi. Kichochoro cha kwenye kadi yangu kingali vilevile upana wake. Kinachoniuma ni kingine: wakati ule tulikuwa na njia mbili, ya reli na ya miguu na magari, na tukabaki na moja. Aliyeamua kuing'oa hakuwaza kwamba Bububu itakuwa mji. Kwake ilikuwa mashamba, na mashamba yanatosheka na barabara moja. Leo ukanda ule ungekuwepo peke yake, usimezwe na barabara, hata bila chuma juu yake, tungeweza kuufanya njia ya mabasi peke yake au ya baskeli. Sasa kila upande una ukuta wa mtu, na kila ukuta una hati.

Huo ndio ugomvi wangu na waliofunga, wala si kwamba waliifunga. Na kwa vijana wa Ngome Kongwe nina ombi dogo. Mkifika kwenye treni, baada ya watalii, waambieni na wageni habari ya mapakacha yaliyopanda na wenyewe waliokwenda kwa miguu. Watawauliza maswali zaidi, nawahakikishia, na bakhshishi itaongezeka.

Niliwahi kumwuliza bibi, ukubwani mwangu, kama watu walilia treni ilipoondoka. Nilikuwa nimesoma kidogo, nikitegemea jibu la kihistoria. Akaweka chokaa kwenye jani, akalikunja, akalitia shavuni, ndipo akanijibu. "Walie nini? Basi lilikuwa linasimama mlangoni."